Nusu ya Dawa ni Kuelewana

Mgonjwa hana budi kusema yote, na daktari hana budi kueleza yote

Ng'ombe wa mkulima akiugua, mwenyewe humwita daktari wa mifugo na kumweleza habari zote bila kuulizwa mara mbili. Husema kwamba ng'ombe aliacha kula jana jioni. Kwamba maziwa yamepungua kutoka lita 6 hadi lita 2. Kwamba alipelekwa joshoni Jumatatu, na kwamba mwezi uliopita alinyweshwa dawa ya minyoo. Daktari wa mifugo akisikia hayo, nusu ya kazi yake imekwisha, maana mnyama mwenyewe hawezi kusema.

Mkulima huyohuyo akiugua yeye, mambo hugeuka. Huketi kwenye benchi la zahanati tangu asubuhi na mapema, na zamu yake ifikapo huulizwa ana nini. "Naumwa tu, daktari." Wapi? "Mwili mzima." Tangu lini? "Siku nyingi." Hupewa dawa katika bahasha, husema ahsante, akaenda zake. Njiani jirani humwuliza ameambiwa ana ugonjwa gani, naye hujibu kwamba hakuambiwa. Wala hakuuliza.

Basi ng'ombe asiyeweza kusema amepata msemaji hodari, na mtu mwenye kinywa amenyamaza. Jambo hili laweza kuchekesha, lakini matokeo yake si ya kuchekesha. Dawa nzuri iliyonunuliwa kwa fedha nyingi, ikatolewa na mtu aliyesoma miaka mingi, yaweza kuwa bure kabisa kwa sababu ya maneno machache ambayo hayakusemwa upande huu wa meza au upande ule.

SABABU ZA KUNYAMAZA

Wagonjwa hawanyamazi kwa ujinga. Wengi hunyamaza kwa heshima. Mtu aliyelelewa kutombishia mkubwa wake huona kwamba kumwuliza daktari maswali ni kumpima akili. Kwa hiyo huitikia "ndiyo" kila baada ya neno, na daktari hudhani kwamba "ndiyo" maana yake ni "nimeelewa". Mara nyingi maana yake ni "nimekusikia, na nakuheshimu", basi.

Wengine hunyamaza kwa haya. Mzee mwenye shida ya mkojo hukuta kwamba aliyevaa koti jeupe ni msichana wa umri wa mjukuu wake. Mama mwenye maumivu ya chini ya tumbo huulizwa habari zake mlango ukiwa wazi, na watu kumi wa kijijini kwake wanasikiliza kwenye benchi. Hapo husema kwamba anaumwa kichwa, naye hutibiwa kichwa.

Wako pia wanyamazao kwa kuogopa kukemewa. Hawa ni wale waliokwisha kwenda kwa mganga wa mitishamba, au walionunua vidonge dukani, au walioacha dawa ya kwanza katikati. Mtu wa namna hii huficha, naye daktari, asiyejua yaliyofichwa, huongeza dawa juu ya dawa. Hatari iko hapo, kwani dawa mbili ambazo kila moja ni njema zaweza kudhuru zikikutana mwilini. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kilio humwumbua, na maneno hayo hayajachakaa.

Wala mtu asidhani kwamba shida hii ni ya wasiosoma peke yao. Karani awezaye kutaja tarehe ya kila barua iliyomo katika faili lake mara nyingi hajui jina la kidonge anachomeza kila asubuhi. Yeye huona haya zaidi kuliko mkulima, kwa kuwa akiuliza maana ya neno ataonekana kana kwamba Kiingereza chake ni kidogo. Kwa hiyo hutikisa kichwa kama aliyeelewa, na akifika nyumbani humwambia mkewe, "Wamesema ni mambo ya damu."

MIEZI SITA YA KIFUA KIKUU

Hasara ya kutoelewana huonekana wazi katika ugonjwa wa kifua kikuu. Tiba yake ya kawaida ni ya miezi 6. Katika miezi 2 ya kwanza mgonjwa hutumia dawa za namna 4 pamoja, na katika miezi 4 inayofuata hutumia dawa za namna 2. Zamani tiba hii ilichukua mwaka mmoja na nusu. Majaribio yaliyofanywa katika nchi za Afrika ya Mashariki, ambayo habari zake za kwanza zilitangazwa mwaka 1972, yalisaidia kuuonyesha ulimwengu kwamba miezi 6 yaweza kutosha ikiwa dawa zinazofaa zitatumiwa kama ilivyoagizwa. Wagonjwa wa nchi hizi wamelitoa fundisho hilo kwa mataifa mengine.

Lakini mgonjwa akiambiwa "miezi sita" tu, amepewa hesabu bila sababu. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, jasho la usiku hukoma, hamu ya chakula hurudi, na nguo zilizokuwa zimelegea mwilini huanza kukaa vizuri. Mtu huyo hujiona mzima. Msimu wa kuchuma kahawa umefika, na nauli ya kwenda kituo cha afya ni fedha. Kwa nini mtu mzima ameze dawa? Huacha.

Lililo kweli, ambalo hakuambiwa au aliambiwa haraka asilishike, ni kwamba vijidudu vingi vimekufa lakini si vyote. Waliosalia hukaa kimya mapafuni, na dawa ikikatizwa huinuka tena. Mara nyingine huinuka wakiwa wamezoea zile dawa za kwanza, na hapo hutakiwa dawa nyingine, ngumu kuzivumilia na zenye kuleta taabu zaidi. Huku nyuma mgonjwa amerudia kukohoa katika chumba walalamo watoto wake. Mkulima angelielewa jambo hili upesi kama angeliambiwa kwa mfano wa shamba lake: apaliliaye magugu na kuacha mizizi ardhini hajapalilia, kwa maana mvua ikinyesha yatarudi yote.

Liko jambo jingine dogo katika tiba hiyo. Mojawapo ya dawa zake, iitwayo rifampisini, hugeuza rangi ya mkojo ikawa kama ya chungwa au nyekundu. Rangi hiyo haina madhara. Lakini mtu asiyeambiwa, akiona mkojo mwekundu siku ya pili, atadhani ni damu na kwamba dawa inamwua. Huenda akaitupa chooni na asimwambie mtu. Maneno machache yangaliyazuia hayo yote: "Usishtuke, mkojo wako utakuwa mwekundu, ni rangi ya dawa."

Kadhalika dawa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Mama avitumiaye asipotaja, naye daktari asipouliza, huenda akapata mimba asiyoitazamia. Hapa kosa si la dawa, bali la swali lisiloulizwa na neno lisilosemwa.

SAA NANE IPI?

Kiswahili chenyewe kina mitego yake. Dawa ya malaria itumikayo sana Kenya, iliyochaguliwa na Serikali mwaka 2004 na kuanza kusambazwa mwaka 2006, ni mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini. Mtu mzima hupewa vidonge 24, navyo humezwa kwa mafungu 6 ya vidonge 4, muda wa siku 3. Fungu la pili humezwa zikipita saa nane tangu lile la kwanza, kisha mengine asubuhi na jioni.

Fikiri basi mama aliyemeza fungu la kwanza saa nne asubuhi, akaambiwa, "Utameza tena baada ya saa nane." Maneno hayo yana maana mbili. Aliyeyasema alitaka muda wa saa nane upite, yaani ameze saa kumi na mbili jioni. Aliyeyasikia anaweza kufahamu kwamba ameze alasiri, saa nane ikiisha kupiga, na hapo zimepita saa nne tu. Wote wawili wamesema na kusikia Kiswahili safi, lakini hawakuelewana. Ingalikuwa salama kumwambia, "Haya umemeza sasa, saa nne. Utameza tena jua likizama, saa kumi na mbili, baada ya kula." Tena chakula hicho kitajwe, kwa kuwa dawa hiyo huingia mwilini vema zaidi ikimezwa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta.

Na yale maandishi ya kwenye bahasha, "1 x 3", ni wazi kwa ayaandikaye. Kwa mwingine ni fumbo. Huenda akadhani ni kidonge kimoja kwa siku tatu, au vidonge vitatu kwa mara moja. Yafaa mtoa dawa aseme kwa kinywa: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, mpaka viishe.

MANENO YENYE MAANA NYINGI

Mtego mwingine umo katika majina ya maradhi. Mtu akisema "nina homa", mmoja atafahamu kwamba mwili una moto, mwingine atafahamu malaria, na mwingine mafua ya kawaida. Akisema "moyo unaniuma", huenda ni moyo wenyewe, jambo la hatari. Huenda ni kiungulia kitokacho tumboni. Na huenda ni huzuni. "Tumbo" la mwanamke laweza kuwa ni la chakula au ni la uzazi. "Kifua" kwa watu wengi ni mahali pa mwili na pia ni jina la ugonjwa.

Kwa hiyo mgonjwa asitaje jina la ugonjwa kabla ya kueleza anayoyasikia mwilini. Aonyeshe mahali kwa kidole. Aseme kama maumivu yanachoma, yanakata au yanabana. Kama huja wakati wa kula au wakati wa kupanda mlima. Kama huja usiku au mchana. Kwa upande wake, daktari asilipokee neno la kwanza kana kwamba maana yake ni moja, bali aulize, "Ukisema homa, unasikia nini?"

Maradhi mengine hayasemi lolote. Mtu mwenye presha mara nyingi hasikii maumivu yoyote, ijapokuwa mishipa yake inaharibika. Akipewa vidonge bila kuambiwa hivyo, atavimeza siku kichwa kikimwuma na kuviacha siku kikiacha. Yapasa aelezwe wazi kwamba kujisikia vizuri si dalili ya kupona, na kwamba asiache dawa kabla ya kuulizia.

MKALIMANI KATIKATI

Kenya ina lugha zaidi ya 40. Katika miaka ya ukoloni madaktari wengi walikuwa wageni, na aliyesimama katikati yao na wagonjwa mara nyingi alikuwa dresa. Mafunzo ya watumishi wa hospitali, ambayo siku hizi hutolewa na chuo kiitwacho KMTC, yalianza mwaka 1927, na mafunzo ya udaktari yakaanza katika chuo cha Nairobi mwaka 1967. Leo daktari ni mtoto wa nchi. Hata hivyo magonjwa aliyafunzwa kwa Kiingereza, na mara nyingi hutumwa kufanya kazi mahali ambapo lugha ya mama yake haisemwi. Mwaka 2018 Kenya ilipokea pia madaktari 100 kutoka Cuba, watu waliozoea Kihispania, waliofanya kazi katika kaunti mpaka mkataba ulipomalizika mwaka 2023. Maneno ya bibi kizee yaliweza kupita katika lugha mbili au tatu kabla ya kumfikia mganga wake.

Mkalimani mwema ni msaada mkubwa, lakini si kila mtu afaa kazi hiyo. Si haki kumtumia mtoto wa miaka 12 kutafsiri siri za mama yake. Mama hatazisema, au mtoto atazipunguza kwa haya. Wala si vema mume amjibie mkewe kila swali, hali yeye ndiye mwenye maumivu. Mkalimani na achaguliwe mtu mzima ambaye mgonjwa amekubali, atafsiri yote bila kuongeza wala kupunguza, na asiyapeleke sokoni aliyoyasikia. Tena daktari amtazame mgonjwa asemapo, si mkalimani. Wasiosikia wasisahauliwe: Katiba ya mwaka 2010 inawapa haki ya kutumia lugha ya ishara, na kuwapigia kelele sikioni si kuwaeleza.

UPANDE WA DAKTARI

Haifai mzigo wote utwikwe mgonjwa. Mwaka 1984 huko Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel walitangaza uchunguzi waliofanya juu ya mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa. Waliona kwamba, kwa wastani, mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18 tu tangu aanze kueleza shida yake, na kwamba ni mazungumzo 17 tu ambamo aliachiwa amalize. Mgonjwa aliyekatizwa hubaki na neno lake moyoni, na mara nyingi neno lile la mwisho ndilo lililomleta.

Kweli, madaktari na wauguzi wana taabu zao. Mstari wa wagonjwa ni mrefu, na mtu mmoja huenda akahudumia makumi kabla ya jioni. Lakini dakika mbili za kusikiliza si hasara. Mgonjwa asiyeelewa atarudi juma lijalo akiwa na hali mbaya zaidi, naye atachukua dakika ishirini.

Isitoshe, kueleza si hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema kwamba mtoa huduma atamweleza mgonjwa hali ya afya yake, njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa. Tena yataka maelezo hayo yatolewe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa namna inayolingana na elimu yake. Sheria hiyohiyo yataka siri za mgonjwa zitunzwe. Kwa hiyo mlango ukifungwa wakati wa mazungumzo, si anasa.

Iko njia moja nyepesi ambayo watumishi wengi wa afya wameiona kuwa na faida. Baada ya kueleza, daktari asiulize, "Umeelewa?" kwa kuwa kila mtu atajibu "ndiyo". Afadhali aseme, "Mzee, ukifika nyumbani na mama watoto akikuuliza nilivyokuagiza, utamwambiaje?" Mzee akirudia sawasawa, kazi imekwisha. Akikosea, daktari hujua mara moja ni wapi, na kosa hurekebishwa pale mezani kabla halijafika nyumbani. Mzee naye haoni kwamba amepewa mtihani, maana aliyepimwa ni maelezo ya daktari.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Msomaji ajuaye kuandika anayo silaha ambayo wengi hawana. Kabla ya kwenda hospitali, na aandike kwenye karatasi mambo haya:

1. Ugonjwa ulianza siku gani, na ulianzaje.
2. Maumivu yako wapi, ni ya namna gani, na huongezwa au hupunguzwa na nini.
3. Dawa zote alizokwisha kutumia, za hospitali, za dukani na za mitishamba. Vema achukue na bahasha au chupa zake.
4. Dawa ambazo zilipata kumdhuru zamani, na kama ni mwanamke, kama ana mimba au ananyonyesha.
5. Jambo analoliogopa zaidi. Hilo aliseme kwanza, asilibakize mlangoni.

Na kabla hajaondoka, asiinuke kitini mpaka apate majibu haya: Ugonjwa wangu unaitwaje? Dawa hii nitaimeza vipi, saa ngapi, na kwa siku ngapi? Itanifanya nijisikieje? Nikiona dalili gani nirudi upesi? Nirudi lini hata kama nimepona? Asipolifahamu neno, aseme tu, "Daktari, samahani, hapo sikuelewa, nieleze tena." Hakuna ukosefu wa adabu katika maneno hayo.

Asiyejua kuandika, au aliye dhaifu sana, na afuatane na jamaa anayemwamini. Na akirudi nyumbani akasahau, asione aibu kumwuliza mhudumu wa afya wa kijiji chake. Mwaka 2023 Serikali iliwatuma wahudumu hao wapatao 100,000 vijijini na mitaani, wawatembelee watu majumbani mwao.

Yule mkulima wa mwanzo hana haja ya kufundishwa jambo jipya. Anajua kutazama, kuhesabu siku na kueleza kwa utaratibu. Hufanya hivyo kila mara ng'ombe wake akiugua. Linalobaki ni yeye kuujali mwili wake kama anavyoijali mifugo yake, akaketi mbele ya daktari na kusema bila kuficha. Na daktari, kabla ya kuandika, aiweke kalamu chini kidogo na kumsikiliza mpaka amalize.